Jina la Mtoto na Kitufe cha Dadu

Humu sitamtaja mtu yeyote kwa jina, wala mtoto wa mtu. Si adabu tu inayonizuia. Mimi ni fundi wa kompyuta, na huku ninakofanyia kazi, Masasi na Newala, kumtaja mtoto wa mtu ni kuitangaza nywila ya mzazi wake.

Nieleze. Kwetu ukishazaa, jina lako la kuzaliwa linastaafu. Unakuwa Mama Fulani au Baba Fulani, kwa mtoto wako wa kwanza, na utaitwa hivyo sokoni, msikitini, kanisani, kwenye foleni ya maji, na hata siku ya kuzikwa kwako. Jina lile jingine linabaki kwenye kitambulisho. Sasa mtu huyo aajiriwe, apewe kompyuta, na kompyuta imwambie achague neno la siri ambalo hatalisahau. Atachagua nini? Anaandika jina la mtoto wake wa kwanza, anaongeza mwaka aliozaliwa mtoto, anaridhika. Kisha anatoka nje, na watu wanamwita kwa neno lake la siri, kwa sauti, kutoka ng'ambo ya barabara.

Nina chumba cha kazi Mkomaindo, mjini Masasi, karibu na wauza uji na wauza beseni wanaowasubiri watu wa hospitali. Pale nimezifungua kompyuta nyingi za watu waliosahau nywila zao. Mteja anaweka laptopu mezani, anaanza kunieleza kwamba kichwa chake siku hizi hakimo. Mimi namwuliza mtoto wa kwanza anaitwa nani na alizaliwa lini. Naandika, inafunguka. Wengine wanashukuru. Wengine wananiangalia vibaya. Mama mmoja kutoka Lukuledi aliniuliza nimesomea wapi, nikamwambia chuo cha ufundi, akasema hapana, anauliza lile lingine. Aliondoka na laptopu yake bila kunipa mgongo.

Basi iko ofisi moja Newala, ambayo nayo siitaji, inayowafundisha wakulima mambo ya mikorosho: miche ipandwe vipi, salfa ipulizwe lini, shamba lipaliliwe namna gani. Wafanyakazi wake ni wachache, wote wanaenea kwenye gari moja. Siku moja barua pepe ilitoka kwa meneja kwenda kwa kila mtu, ikisema Ijumaa hakuna kazi, watu wapumzike na familia zao. Watu walitii. Ijumaa asubuhi meneja alikuta milango imefungwa, na mlinzi akamwuliza kwa upole kama yeye hakuwa amesikia kwamba leo ni mapumziko.

Aliyeandika barua ile hajajulikana hadi leo, ingawa kila mmoja pale ana mtu wake anayemshuku. Meneja alinipigia simu akasema kompyuta yake imedukuliwa, huenda na watu wa nje ya nchi. Nilipofika kumsikiliza, mlinzi, mpika chai na muuza mihogo wa getini walikuwa wameshamwamkia Baba Fulani kabla hajafika mezani kwake. Niliona hakuna haja ya kwenda mpaka nje ya nchi. Tulikubaliana nizibadilishe nywila za ofisi nzima, za kila mfanyakazi, na nihakikishe hakuna anayerudia mtindo wa zamani.

Kutoka Masasi kwenda Newala unapanda. Unaliacha joto letu chini, kwenye vilima vya mawe, na ukifika juu unakuta ukungu na watu waliovaa masweta asubuhi. Mimi ni Mmakua, wenyeji wangu wengi pale ni Wamakonde, na hilo linatosha kuufungulia utani. Walinipokea kwa kuniuliza kama huko shimoni tumeshapata umeme. Niliwajibu kwamba tunao, na nimepanda kuwaletea kidogo.

Kwenye flashi nilikuwa na programu ya kutunza nywila, kwa sababu mtandao wa ofisi ile ulikuwa na siku zake. Programu yenyewe ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta ya mezani na haihitaji mtandao. Inaziweka nywila zako zote ndani ya faili moja lililofungwa. Ukitaka nywila mpya unabonyeza kitufe chenye picha ya dadu, nayo inakuzalishia mchanganyiko wa herufi, tarakimu na alama ambao hakuna mzazi angempa mwanawe. Huna haja ya kuukariri. Unaunakili, unaubandika panapotakiwa, na baada ya muda mfupi programu inaufuta usibaki ukizagaa. Wewe unakumbuka kitu kimoja tu, maneno ya kulifungulia lile faili, na hayo unayatunga mwenyewe.

Niliwakusanya kwenye chumba cha mikutano nikabonyeza dadu mbele yao. Bwana shamba alijaribu kukisoma kwa sauti kilichotokea kwenye skrini, akaishia njiani, akasema sasa ameelewa Wamakua wanazungumza nini wakiwa nyumbani kwao. Walicheka kupita kiasi. Dereva aliuliza kama dadu hilo haliwezi kutoa kitu kifupi kidogo, cha mtu mwenye majukumu. Nilivuta kipimo cha urefu upande wa kushoto, nikamwonyesha mstari unaopima nguvu ya nywila ukishuka kutoka kijani hadi nyekundu. Akasema basi uache ulivyokuwa, asije akalaumiwa yeye.

Aliyenichosha ni mtunza ghala. Ni mtu mzima, wa heshima zake, ila hawezi kuandika bila kutamka. Nilipowaambia kila mmoja atunge sentensi yake ya kufungulia faili, ndefu, ya jambo analolijua yeye peke yake, alikaa vizuri akaiandika yake neno kwa neno kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Ilimhusu mama mkwe wake. Tukamwomba atunge nyingine. Akatunga, akaitamka na hiyo, na hiyo pia ilimhusu mama mkwe. Mwishowe tulitoka wote nje tukamwacha ndani peke yake, na bado tulimsikia dirishani. Tulihamia upande wa pili wa jengo. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na hasira, sioni sababu ya kuificha.

Wote walimaliza siku ile, isipokuwa katibu muhtasi. Huyu tunafahamiana tangu tukiwa wasichana. Tulijifunza kuchapa pamoja Masasi, tukachangia chumba na sufuria, kisha yeye akarudi kwao Newala kuolewa na mimi nikabaki na kompyuta zangu. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, nilipanda kumwona, na mtoto yule alinitapikia gauni. Nilimpenda sana. Alikuwa na uso wa mtu anayekusubiri umalize kusema ili akukosoe.

Binti huyo alifariki kabla hajamaliza shule ya msingi. Aliugua kwa muda mfupi tu. Nilikwenda msibani nikafanya kazi yangu ya mtani kama inavyotakiwa, nikazuia jeneza lisitoke mpaka nipewe chochote, nikalalamika chai haina sukari, nikawafokea wafiwa kwamba wanalia vibaya. Mama yake alicheka mara moja, akaziba mdomo kwa khanga. Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, kwa sababu mtani naye ni mtu.

Baada ya arobaini mtaa ulimbadilisha jina. Hakikuitishwa kikao. Jirani mmoja alimwita kwa jina la mtoto wa pili, wa kiume, kwa kumwonea huruma, asikumbushwe kila anapoitwa. Mwingine akafuata. Msimu wa korosho ulipofika, alikuwa ameshakuwa mama wa yule mvulana kwa kila mtu, hata kwa mume wake. Ofisini wakafuata, na mimi nikafuata. Tulifanya hivyo kwa wema na tuliona tumefanya vizuri. Yeye aliitika bila kinyongo, na hakuna aliyemwuliza kama alitaka.

Nywila yake ilikuwa jina la yule binti na mwaka wake. Hakuniambia. Mimi sihitaji kuambiwa, ndiyo kazi yangu.

Siku ile ya kwanza alisema ana muhtasari wa kikao wa kuchapa. Niliporudi alikuwa na wageni wa meneja. Nilipopanda tena, kompyuta yake ilikuwa nzito, akasema, nikaigusa nikaona iko sawa kabisa. Nikamwambia kwamba napanda mlima huu kwa ajili ya mtu mmoja, na kwamba hata meneja mwenyewe ameshabadilisha. Akasema kesho, mtani. Meneja alikuwa amechoka pia. Alitoa agizo kwamba atakayeifikia Ijumaa na nywila ya zamani atafungiwa mfumo, na Jumatatu asije kulalamika. Kama mwenzangu asingebadilisha angekosa kazi ya kufanya, na kama angebadilisha jina lingetoka. Nililiona hilo wazi kabisa, na bado nilikuwa nimekasirika, kwa sababu nilitaka kumaliza kazi na kurudi kwangu.

Ijumaa mchana wenzake walikwenda kula. Yeye hakwenda. Nilivuta kiti nikakaa kando yake.

"Mtani," nikamwambia, "neno lako hili mtu yeyote analibuni. Anayetaka kukuharibia kazi ataingia tu."

"Ataingia nani?" akasema. "Wameshalisahau wote."

Kitaalamu alikuwa sahihi. Katika ofisi ile nzima, nywila za wengine zilikuwa zikipigiwa kelele getini kutwa, na yake ndiyo pekee iliyokuwa haitajwi na mtu. Ilikuwa imeshakuwa siri ya kweli, na sisi ndio tuliomtengenezea.

"Nyumbani wameacha kumtaja," akasema. Alikuwa akiitazama skrini, hakunitazama mimi. "Baba yake ameacha. Mtaani ukimtaja, watu wanainamisha macho, unajiona umewakosea. Mdogo wake simnyimi kitu, anajua niko naye. Lakini mimi nikifika hapa asubuhi namwandika, na inafunguka. Sasa ukilitoa, mtani, nitamwita wapi?"

Nimehudhuria mafunzo mengi ya usalama wa kompyuta. Yanafundisha kuhusu wezi, virusi na wafanyakazi wanaofukuzwa wakiwa na kinyongo. Hilo hawakutufundisha. Nilijionea aibu kwa ile hasira niliyopanda nayo mlima. Nilitaka kumwambia pole, lakini pole nilikuwa nimeshampa msibani, na haikumsaidia kitu.

Kwa hiyo nikamweleza programu, kwa sababu ndicho ninachokijua. Nikamwambia dadu linatengeneza zile nywila za mfumo na za barua pepe, na hizo hata hatazitazama. Lakini maneno ya kulifungulia faili ni yake. Hakuna mtu atakayeyaona, mimi wala meneja, na hakuna tarehe ya kuyabadilisha. Atayaandika kila siku kabla ya kitu kingine chochote. Yawe mengi tu, yasiwe neno moja ambalo mtu anaweza kulibahatisha.

Alifikiri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kazini, kama jina likiwemo katikati ya maneno mengine ni kosa.

"Si kosa," nikasema. "Peke yake ni hatari. Katikati ya maneno mengi halina shida."

"Yawe maneno gani?"

"Unayotaka wewe. Programu haiulizi."

Nilisimama nikaenda dirishani, kwa sababu ndiyo taratibu, fundi haangalii mtu akiandika. Nje palikuwa na mikorosho ya ofisi, ile ya mfano inayoonyeshwa kwa wageni, na mtu alikuwa ameanika makopa ya muhogo juu ya turubai chini yake. Nilimsikia akianza kuandika. Kibodi ile ilikuwa ya zamani, yenye kelele, na kitufe chake cha nafasi kilikuwa kinagonga kuliko vyote. Kiligonga, kikagonga tena. Wenzake walikuwa wametunga sentensi za maneno sita, saba. Yeye alipita hapo akaendelea. Wakati mwingine alisimama, kisha akaendelea. Alikuwa mchapaji mzuri tangu zamani, alitushinda darasa zima, na nilipomsikia akichapa vile, taratibu, kidole kwa kidole, nilijua hafanyi kazi ya ofisi.

Alipomaliza, programu ilimtaka ayarudie yote kuthibitisha, kama inavyomtaka kila mtu. Bwana shamba alikosea alipofika hapo. Dereva alikosea akailaumu kibodi. Mtunza ghala ndiye aliyepatia, kwa vile alikuwa akijisikiliza. Nikamwambia katibu asijali akikosea, tutaanza upya. Aliyarudia yote, toka mwanzo hadi mwisho, na hakukosea. Ule mstari wa nguvu ulikuwa umejaa kijani mpaka ukingoni.

Nilimpa onyo ninalowapa wote, kwamba akiyasahau maneno yale hakuna atakayeweza kulifungua faili, mimi fundi nikiwemo. Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kijinga, na nilikuwa nimesema. Alilia kidogo, nami nikalia kidogo, kisha tukaendelea na akaunti ya barua pepe.

Dadu alilibonyeza mwenyewe. Lilitoa takataka ndefu isiyosomeka, akainakili, akaibandika kwenye mfumo mahali jina lilipokuwa, akabonyeza hifadhi. Nilikuwa naogopa dakika ile. Yeye hakusita. Aliuliza tu kama ofisi italipa wino wa printa mwezi huu au aendelee kuchapa kijivu. Wenzake waliporudi kutoka kula, bwana shamba alimwuliza Mmakua amemwezaje leo, naye akajibu kwamba amemhonga umeme.

Nilipanda tena Newala wakati mikorosho inatoa maua, kwa ajili ya ile printa. Meneja alikuwa na furaha na mimi. Alinieleza kwamba tangu mabadiliko yale hakuna Ijumaa iliyopotea, ingawa nidhamu bado ilikuwa tatizo. Dereva aliliacha faili lake wazi akaenda Masasi. Mtunza ghala alikuwa bado anatamka. Mfanyakazi wa kuigwa, alisema, ni katibu muhtasi wake. Huyo akiinuka tu kumimina maji, anafunga. Akienda kuchukua jalada kabati la pili, anafunga, na akirudi anaandika upya maneno yake yote, marefu kweli, bila kulalamika. Meneja alikuwa amemsifu mbele ya wote kwenye kikao kwa kuthamini usalama wa taarifa za ofisi. Bwana shamba alisema mtu anayefunga kiasi hicho lazima anaficha kitu, lakini hakuna aliyemjali.

Nilipita mezani kwake kumsalimia. Alinionyesha picha za mwanawe kwenye simu, ameshaanza kuota ndevu, hazina mpangilio. Tukasema mawili matatu ya utani. Halafu akavuta kiti chake karibu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli ile programu inaweza kujifunga yenyewe mtu akikaa bila kuigusa.

Nikamwambia ndiyo, nimewawekea wote robo saa, wasisumbuke.

Akauliza kama muda huo unaweza kupunguzwa.

"Kwa usalama?" nikamwuliza.

"Kwa usalama," akasema.

Nilifungua mipangilio nikauteremsha muda hadi dakika moja. Nikamwambia kwamba sasa kila akigeuka itakuwa imeshajifunga, na kila mara itabidi aandike yote upya, kutwa nzima. Akasema ameelewa. Nikabonyeza kukubali. Tukakaa wawili, mikono mapajani, bila kugusa kitu, tukiingojea. Ilipojifunga, nilinyanyuka kwenda kwenye printa, naye akaanza kuandika.